Diski moja iliyoanguka, na tatu zilizofuata

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Saa tatu usiku mpwa wangu wa miaka minne amepita chini ya meza, akavuta waya wa diski ya nje. Diski imeshuka mpaka kwenye vigae ikiwa imewaka na inasoma. Ilitoa mlio mmoja mfupi, kama kijiko kilichogonga bilauri. Mtoto alianza kulia kabla hata sijamgeukia.

Ni diski ya terabaiti 1, ile ndogo ya inchi 2.5. Imejaa harusi, sendofu na kitchen party nilizorekodi, pamoja na folda moja niliyoipa jina MAMA. Ndani ya folda hiyo kuna rekodi ya dakika arobaini ya mama akisimulia walivyohama Pangani kuja Dar. Hakuna nakala nyingine. Naandika sentensi hiyo nikijua fika ninavyowasema wateja wangu kwa kosa hilohilo.

Nimeichomeka tena. Taa ikapepesa, Windows ikawaza dakika tatu nzima, halafu ikaniuliza kama nataka kuifomati. Nikajibu hapana, nikachomoa. Sikuendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski, maana chkdsk ikianza kutengeneza huwa inaandika, na diski iliyoumia haitaki kuandikiwa chochote.

Kinachonipa moyo ni sikio. Haigongi ile tik, tik, tik ya kichwa kilichovunjika. Inazunguka vizuri ila inasita. Kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani, kwa hiyo nadhani kiligusa sehemu kikainuka. Ingekuwa inagonga nisingethubutu kuiwasha tena, ingekuwa kazi ya watu wenye chumba kisicho na vumbi na bei inayoendana na chumba hicho.

Nimeivika soksi na kuiweka juu ya kabati. Haiwashwi mpaka nipate pa kumwagia kilichomo.

Jumapili, 7 Septemba

Hesabu kabla ya duka. Kamera yangu ikirekodi 4K hutumia megabiti 100 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni gigabaiti 45. Harusi moja, kamera mbili, saa tano kila kamera: gigabaiti 450. Ndiyo maana terabaiti moja ilikuwa inanibana. Nimekuwa nikifuta harusi za watu ili kupisha harusi za watu wengine.

Mashine yenyewe ni ya mezani, prosesa i5-4460, madabodi ya H81, RAM gigabaiti 16, na diski kuukuu ya gigabaiti 500 yenye Windows 10. Hapo kuna jambo jingine: Windows 10 inaachwa bila marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba, na Windows 11 haiikubali prosesa ya kizazi hiki. Kwa kuwa nafungua kesi ya kompyuta, nahamia moja kwa moja Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kdenlive, programu ya kuhariri video, nimeshaitumia kwenye laptopu ya rafiki na inanitosha.

Mpango: SSD ndogo, yaani diski ya chipu isiyozunguka, iwe ya mfumo na ya kazi iliyo mkononi. Diski kubwa ya sahani, ile inayozunguka, iwe ghala. Ya tatu iwe ya nakala, na isikae nyumba hii.

Jamaa yangu mmoja anasema nifunge diski mbili kwa RAID ziandike kitu kimoja kwa pamoja. Ingenisaidia siku moja ikifa. Lakini nikifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kote kuwili, na kwa mtoto niliyemwona jana, ipo siku ataivuta kesi nzima.

Jumanne, 9 Septemba

Kijana wa duka ananishawishi WhatsApp nichukue NVMe, SSD ya kijiti yenye kasi zaidi. "Kaka hii ni mara sita ya hiyo SSD yako." Kwenye hesabu hajakosea: SATA, njia ya waya ninayotumia kuunganisha diski, ikijitahidi sana ni megabaiti 550 kwa sekunde, wakati NVMe ya kawaida inavuka 3,000. Lakini bodi yangu haina hata tundu la kuichomeka, na BIOS, programu inayoamsha kompyuta, nyingi za umri huu hazijui kuwasha kompyuta kutoka NVMe hata ukiiwekea kadi ya kuunganishia.

Nilipomwambia akanitumia picha ya kijiti kingine: "Basi chukua M.2." Nikamweleza kwamba M.2 ni umbo, NVMe ni lugha. Vipo vijiti vya umbo hilohilo vinavyozungumza SATA, na kwangu vyote havina pa kukaa. Akaniwekea dole gumba. Sijui kama ni la kukubali au la kunichoka.

Jumamosi, 13 Septemba

Mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani, nimesimama njia nzima. Kariakoo ya Jumamosi mtu hatembei, anasukumwa.

SSD haikuwa na hadithi: mpya, boksi limefungwa, gigabaiti 500, shilingi 115,000 na risiti juu. Diski ya sahani ndiyo iliyonipeleka vichochoroni. Mpya ya terabaiti 6 ilikuwa mbali na mfuko wangu, kwa hiyo nikapanda ghorofa moja wanakouza vifaa vya seva vilivyostaafu. Meza nzima ya diski, zimepangwa kama mikate. Muuzaji mchangamfu, akanichagulia moja kabla sijamaliza salamu.

"Kaka, hii imetoka ofisi ya wazungu. Imetumika miezi mitatu tu."

"Tuione basi."

Akaichomeka kwenye doki yake ya USB, akafungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Neno la kuisifu likatokea kwenye kisanduku cha bluu, naye akalinyooshea kidole. Mimi nikanyoosha changu juu kulia, kwenye saa ilizowashwa: 41,212. Nikagawanya kwa simu mbele yake, kwa 24 kisha kwa 365. Miaka minne na miezi minane.

"Miezi mitatu ya kwao ni mirefu," nikamwambia. Akacheka, na bei ikaanza kuteremka.

Ukweli ni kwamba saa nyingi hazinitishi sana. Pembeni paliandikwa imewashwa mara 19 tu. Maana yake iliwashwa, ikaachwa izunguke. Nilichokitafuta ni mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza ni sekta ambazo diski imeshazikataa ikahamishia data kwingine, wa pili ni zinazosubiri hukumu, wa tatu ni zilizoshindikana kusomeka. Programu hii huandika hesabu hizo kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita, lakini sifuri ni sifuri popote. Zote tatu zilikuwa sifuri.

Saa nazo zinaweza kudanganya, ila huwa zinadanganya kwa kupungua. Januari 2025 huko Ujerumani wanunuzi waligundua kwamba diski za Seagate walizouziwa kama mpya zilikuwa zimeshazunguka maelfu ya saa. SMART, lile daftari la afya ambalo kila diski hujiandikia, lilikuwa limerudishwa sifuri. Kilichowaumbua waliofuta ni daftari la pili ndani ya diski hizo, FARM, ambalo hawakuligusa. Seagate ilisema si yenyewe iliyoziuza. Niliyoshika mimi si Seagate, kwa hiyo sina daftari la pili la kuchungulia. Lakini saa 41,212 niliziamini kwa sababu ndogo tu: zilimwumbua muuzaji mwenyewe.

Alianzia 330,000, tukamalizia 260,000 na ahadi ya wiki moja ya kurudisha. Nimeifunga kwenye taulo nililotoka nalo nyumbani, nikaipakata mpaka Kimara kama mtoto mwenye homa.

Jumamosi hiyohiyo, usiku

SSD kwanza. Mint imeingia bila ubishi, robo saa hivi. Kabla ya kushangilia nikaiuliza imeunganishwa kwa kasi gani:

sudo dmesg | grep -i "sata link"

Jibu: 3.0 Gbps. Nusu ya haki yake. H81 ina milango minne ya SATA, miwili ya gigabiti 6 na miwili ya gigabiti 3, na kwenye bodi yangu rangi za kuitofautisha zimemezwa na vumbi. Nimepuliza vumbi, nikahamisha waya. Sasa 6.0, na kipimo cha kusoma kimepanda kutoka megabaiti 270 hadi 520 kwa sekunde. Mlango wa polepole utabaki wa diski ya sahani, ambayo hata ikikimbia sana haitaujaza.

Kisha diski ya sahani. Nimeifunga skrubu nne, nikachomeka waya wa data na wa umeme, nikawasha. Kimya. Nimeiwekea kiganja juu: hakuna hata mtetemo. BIOS haiioni. Nimebadili waya, nimebadili mlango, nimebadili kichwa cha umeme. Kimya kilekile.

Saa nne na dakika arobaini nimempigia muuzaji.

"Kaka, si uliiona inawaka hapa?"

Niliiona.

"Basi ilete Jumatatu tuiangalie."

Naenda kulala na laki mbili na sitini iliyonyamaza.

Jumapili, 14 Septemba

Swali la maana limekuja kwenye chai ya asubuhi: kwake iliwaka, kwangu haiwaki, tofauti ni nini? Doki yake ya USB inatoa volti 12 na volti 5, basi. Waya za SATA za pawa saplai yangu zina rangi moja zaidi, chungwa, na chungwa ni volti 3.3.

Hapo nikakumbuka nilichowahi kusoma nikakipuuza. Kichwa cha umeme cha SATA kina pini 15, na katika viwango vya zamani tatu za mwanzo zilikuwa za volti 3.3, ambazo diski karibu zote hazikuzitumia. Baadaye pini ya tatu ikapewa kazi nyingine kwa ajili ya seva: ikipata umeme, diski ijizime, ili msimamizi aweze kuizima na kuiwasha akiwa mbali. Pawa saplai yangu ni ya kabla ya mabadiliko hayo, inasukuma 3.3 muda wote bila kuulizwa. Diski haijafa. Inaambiwa ikae kimya, nayo inatii.

Dawa ni kuiziba pini hiyo. Fundi simu wa mtaani amenikatia bure kipande cha ile tepu ya kahawia isiyoungua, wanayofunikia saketi wanapopuliza moto. Pini zinahesabiwa kuanzia upande ulio karibu na kichwa cha data. Kutoka katikati ya pini moja hadi nyingine ni milimita 1.27, yaani kazi ya jicho na pumzi. Nimetumia wembe na kibanio cha nyusi cha mke wangu, ambaye alisimama mlangoni akiangalia bila kusema neno.

Jaribio la kwanza tepu ilijikunja wakati nasukuma waya. La pili nimeziba pini zote tatu za mwanzo kwa kipande kimoja kipana, maana mbili za kwanza diski haina haja nazo na kipande kipana kinashika vizuri. Nimesukuma taratibu, nimewasha. Kwanza mguno, halafu mluzi unaopanda polepole mpaka ukatulia kwenye mizunguko 7,200. Sijawahi kufurahia kelele hivyo.

Kuna njia ya mkato: adapta inayotoa umeme kwenye kile kichwa cha zamani cha pini nne, ambacho hakina 3.3. Sikuitaka. Zile za bei rahisi, ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya waya, zinajulikana kwa kushika moto.

Nimempigia muuzaji kumwomba radhi. "Nilikwambia kaka," akasema, "ofisi ya wazungu."

Jumatatu hadi Jumatano, 15–17 Septemba

Diski ya mtumba siiamini mpaka niiandike yote na kuisoma yote. Amri ni badblocks, na inafuta kila kitu, kwa hiyo kabla ya kubonyeza nimesoma jina la diski kwa sauti mara mbili, sdb, sdb.

Imenikatalia palepale: thamani ni kubwa mno. Badblocks huhesabu vipande kwa namba ya biti 32, inayoishia bilioni 4.29. Ukiiacha na kipande chake cha baiti 1,024, terabaiti 6 ni vipande bilioni 5.86, haviingii. Ukiipa kipande cha baiti 4,096 inatulia:

sudo badblocks -b 4096 -wsv -t 0x00 /dev/sdb

Kwa kawaida yake inaandika ruwaza nne, yaani mipangilio minne ya biti, kila moja inaandikwa na kusomwa. Kwa ukubwa huu hiyo ni siku tatu. Nimechagua ruwaza moja, na bado ni saa kumi na tisa hivi.

Jumatatu usiku, ikiwa imebakiza kidogo kumaliza kusoma, umeme umekatika. UPS, betri ya akiba, ya VA 650 ilishika dakika kumi na nane, nikihesabu kwa tochi ya simu, kisha ikaaga. Nimeanza upya Jumanne alfajiri, na safari hii nimezima skrini na spika ili UPS isilishe midomo isiyo na kazi. Jumatano asubuhi: makosa sifuri. Nikasoma SMART tena, ile mistari mitatu bado sifuri. Joto lilifika nyuzi 47, nami nimeiongezea feni mbele ya kesi, feni ya mtumba ya shilingi elfu tano.

Alhamisi, 18 Septemba

Kugawa na kufomati. Jedwali la kugawia diski ni GPT, si lile la zamani la MBR, kwa sababu MBR haioni mbele ya terabaiti 2.2 na ningebaki na ghala ambalo theluthi mbili zake hazina mlango.

Mke wangu ameuliza kwa nini kompyuta inaonyesha 5.5 wakati nimelipia 6. Hakuna aliyeiba. Kiwandani terabaiti ni baiti trilioni moja kamili. Kompyuta inagawanya kwa 1,024 mara nne. Maelezo hayo hayakumridhisha, na kusema kweli hata mimi yaliwahi kunichukua muda.

Palipo na wizi wa kweli ni pengine. Mfumo wa faili wa ext4 huweka pembeni asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi, ili mashine isikwame diski ikijaa. Kwenye diski ya mfumo ni busara. Kwenye ghala la video ni gigabaiti 300 zimelala, theluthi mbili za harusi moja. Kwa hiyo nimefomati kwa -m 0, isiweke pembeni chochote.

Kwenye fstab, orodha ya diski za kufungua kompyuta ikiwaka, nimeiandika kwa UUID yake, namba yake ya kipekee, si kwa jina la sdb, kwa sababu herufi hizo hubadilika ukichomeka kitu kipya. Na nimeongeza neno nofail, ili siku tepu ikilegea kompyuta iwake bila hiyo badala ya kugoma.

Ijumaa hadi Jumatatu, 19–22 Septemba

Soksi imeshuka kutoka juu ya kabati.

Nilitamani kufungua kasha la diski iliyoanguka niichomeke SATA moja kwa moja, lakini diski nyingi ndogo za nje zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi yake yenyewe. Kwa hiyo ni USB, na uvumilivu.

Programu ni ddrescue, ambayo kwenye hazina ya Mint inaitwa gddrescue, jambo lililonipotezea dakika kumi. Haijaribu kufungua faili. Inanakili sekta zote kama zilivyo kuingia kwenye faili moja kubwa, na ikikuta mahali pagumu inaparuka, inachukua kwanza palipo rahisi, kisha inarudi. Kila inachofanya inakiandika kwenye ramani, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Hiyo ndiyo programu iliyoandikwa na mtu anayejua maisha.

sudo ddrescue -d -n /dev/sdc /ghala/picha.img /ghala/ramani.map

Karibu saa mbili za kwanza ilikimbia kwa megabaiti 90 na zaidi. Kisha, ilipofika kama asilimia 61, ikaanguka mpaka kilobaiti. Nimekaa mbele yake nikiangalia namba kama mtu anayeangalia dripu. Imeruka, imekimbia tena, imeanguka tena. Jumamosi usiku duru ya kwanza imeisha. Nikaizima diski ipoe, nikailaza juu ya sufuria iliyogeuzwa, feni ikiipuliza. Jumapili nimerudia kwa -r3 badala ya -n, ijaribu tena vipande vilivyobaki mara tatu.

Jumatatu jioni: imeokolewa asilimia 99.98, kilichoshindikana ni megabaiti 187. Nimeichomoa. Nadhani ndiyo mara ya mwisho inazunguka.

Jumatano, 24 Septemba

Asilimia 99.98 ni namba nzuri mpaka ujiulize hicho kidogo kilichobaki kimeangukia wapi.

Kuna mbinu kwenye mwongozo wa ddrescue ambayo nimeipenda sana. Unaiambia ijaze kila shimo la kwenye nakala kwa neno lako mwenyewe, halafu unalitafuta neno hilo ndani ya faili. Nimeandika IMEHARIBIKA, na nafasi moja mbele yake. Baada ya kuifungua nakala kwa kusoma tu, nikatafuta:

grep -rl IMEHARIBIKA /mnt/nakala

Nilitegemea mamia. Zimetoka faili sita. Nne ni vipande vya kitchen party ya 2023 ambayo nilishaikabidhi na kulipwa. Ya tano ni muziki. Ya sita: MAMA/simulizi_pangani.mp4.

Nimeifungua na kuisikiliza yote, dakika arobaini, nimevaa hedifoni. Dakika ya kumi na saba mama anaeleza habari za kuku waliopanda nao basi, na kwa sekunde moja hivi uso wake unavunjika vipande vya kijani. Sauti haikatiki. Shimo limeangukia kwenye picha tu, halikugusa sauti. Baada ya fremu kamili inayofuata uso umerudi, naye anacheka, kuku mmoja ameshamtorokea konda.

Nimemwambia kwa simu. Akauliza kama nataka aje arudie ile sehemu. Nimesema hapana.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mshahara umeingia, na diski ya tatu pia: ya nje, mpya, terabaiti 4, inchi 2.5, shilingi 385,000. Hii nimeinunua nikijua udhaifu wake.

Diski ndogo za ukubwa huu huandika kwa mtindo wa SMR, ambao mistari ya data hupandiana kama makuti ya paa. Kuezeka upya ni rahisi, unaanza chini unapanda. Kubadili kuti moja la katikati ndiyo taabu, lazima uinue yaliyolilalia. Diski ya namna hii ukiipa kazi ya kuhaririwa kila dakika, inachoka. Mwaka 2020 palikuwa na kelele kubwa ilipojulikana kwamba Western Digital, Seagate na Toshiba walikuwa wakiuza baadhi ya diski zenye mtindo huo bila kuusema wazi, na zaidi kwenye WD Red, ambazo watu walizinunua mahsusi kwa kazi ya RAID. Baadaye Western Digital ikayatenganisha majina, zisizopandiana zikaitwa Red Plus. Kwangu mimi ni nakala, inaandikwa mara moja kwa wiki kisha inalala. Makuti yanatosha.

Nakala ya kwanza ilianza kwa megabaiti 110 kwa sekunde, ikashuka mpaka thelathini na kitu usiku wa manane, paa likijiezeka. Imemaliza alfajiri. Natumia rsync, programu ya kunakili, na --link-dest: kila wiki folda mpya yenye tarehe, faili ambazo hazikubadilika haziandikwi tena, zinaunganishwa tu na zile za wiki iliyopita. Nikifuta kitu leo, bado kipo kwenye folda ya Jumamosi iliyopita.

Nimechagua faili kumi bila kuangalia, nikazinakili kutoka kwenye diski ya nakala kwenda kwenye SSD, nikalinganisha alama zake za sha256, ambazo hubadilika faili ikibadilika hata kidogo, na zile za ghalani. Zote zimeoana. Ya MAMA niliichagua nikiwa naangalia.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimebandika tepu ya karatasi kwenye kila diski na kuandika kwa kalamu ya wino: lini nimenunua, wapi, bei, saa ilizokuwa nazo. Kwenye ile kubwa nimeongeza: PINI 1–3 ZIMEZIBWA. Siku nikiiuza au nikifa, mtu asije akailaumu.

Meza imesukumwa ukutani. Waya zote zinapita nyuma.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, hakuna kazi, na ndiyo siku ambayo Windows 10 imewekwa pembeni rasmi. Kwangu ilishatoka wiki kadhaa.

Nimepeleka diski ya nakala kwa dada yangu Mbagala, kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu nilivyookota kwenye maboksi ya viatu. Nitakuwa naipitia Jumamosi za mwisho wa mwezi. Zile za kila wiki nitaziweka kwenye SSD kwanza. Mpwa wangu, yuleyule, alinipokea mlangoni akataka kuishika. Nikaipandisha juu ya kichwa changu.

Dada ameiweka kabatini, rafu ya juu, katikati ya vitenge vyake. Kisha akaniuliza kama inahitaji kuchajiwa.